Jinsi ya kuendesha mafunzo ya usuluhishi vijijini na kazini, Mtwara na Lindi

Mwezeshaji mwenzangu amepewa kazi ya kuwafundisha wajumbe wa mabaraza ya ardhi ya vijiji mkoani Lindi, na baada yao wafanyakazi na wasimamizi wa ghala la korosho, akaniomba nimwandikie utaratibu ninaoutumia. Nimeuweka hapa kwa hatua ili na wengine wautumie. Namna ya kufundisha watu kusikiliza, kutomkatiza msemaji na kurudia walichosikia sitaieleza, kwa sababu kila kitini cha usuluhishi kimejaa habari hizo. Nitakaa zaidi kwenye hatua ya tatu, ya nani anayepaswa kuketi kikaoni, ambayo vitini huipitia kwa sentensi moja, ilhali makubaliano mengi huvunjikia hapo.

Hatua ya 1: Wakati, mahali na posho

Usipange mafunzo ya vijijini katika msimu wa minada ya korosho, yaani kuanzia Oktoba hadi Januari, kwa kuwa hutampata mtu. Miezi ya kupuliza salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, watu huwa mashambani alfajiri, hivyo anza saa nne. Mimi hupendelea Agosti na mwanzoni mwa Septemba. Ijumaa funga kabla ya swala. Tumia darasa au ofisi ya kijiji yenye mkeka mkubwa, na projekta iache mjini, kwa sababu watu wanaotazama ukuta hawatazamani. Kiwango cha posho kitangazwe kabla ya siku ya kwanza na kiwe kimoja kwa wote, mwenyekiti na mjumbe wa kawaida. Kazini, siku ya kwanza usiwachanganye wasimamizi na vibarua.

Hatua ya 2: Mipaka ya mamlaka

Wajumbe wengi huja wakiamini kuwa wao ni mahakimu wadogo, na dhana hiyo iondolewe mapema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaunda Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, ambao hupendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuthibitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha, na halina uwezo wa kumlazimisha mtu kulitumia wala kuufuata ushauri wake. Sheria hiyo inalielekeza lifuate misingi ya kimila ya usuluhishi, haki ya asili (kila upande usikilizwe bila upendeleo), na mbinu ambazo wajumbe wamefundishwa. Kwa hiyo unachokifundisha kinaingia katika utendaji wa chombo cha kisheria, na inafaa ukiandae kwa uzito huo.

Baraza la Kata nalo, ambalo zamani liliamua mashauri ya ardhi, tangu marekebisho ya 2021 limebaki na usuluhishi tu. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei mgogoro bila cheti cha Baraza la Kata kwamba suluhu imeshindikana, isipokuwa siku 30 zikipita bila suluhu kupatikana.

Kwa upande wa kazini, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa huko ndani ya siku 30 tangu kuachishwa au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Waeleze wafanyakazi waziwazi kwamba mazungumzo ya kirafiki na bosi hayazisimamishi siku hizo, kwa kuwa wapo wanaozungushwa kwa maneno matamu hadi muda unakwisha.

Kabla ya kutoka kwenye hatua hii, andika ubaoni yasiyosuluhishwa: ubakaji, mimba ya mwanafunzi, kujeruhi. Familia zikitaka kumalizana kimyakimya kwa mambo hayo, mjumbe hana kazi nyingine hapo zaidi ya kuwaelekeza polisi.

Hatua ya 3: Nani anakaa kikaoni

Mafunzo mengi huanzia pale pande mbili zilipokwisha kuketi, kana kwamba kila aliyeketi ana uwezo wa kukubali. Huku kusini hilo haliendi hivyo. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na neno juu ya ardhi ya ukoo na juu ya wapwa zake. Ikaja mikorosho, mti unaozaa kwa miongo mingi, na akina baba walioipanda kwa jasho lao wakataka kuwaachia watoto wao badala ya wapwa. Dini nazo zikaja na taratibu zake za mirathi. Ndiyo maana shamba moja linaweza kuwa na watu watatu wanaoamini kwa dhati kuwa ni lao: mwana kwa kuwa baba alipanda, mpwa kwa kuwa ardhi ni ya ukoo, na mjane kwa kuwa ndiye aliyelipalilia na kulipulizia salfa kila msimu. Baraza likiwaketisha mwana na mjane peke yao, wakapatana na kupeana mikono, makubaliano hayo yataishi hadi mjomba arudi kutoka Masasi na kuuliza ni nani aliyewaruhusu.

Swali ninalowataka wajumbe walishike kwa moyo ni hili: "Ukisema ndiyo leo, nani anaweza kusema hapana kesho?" Kila upande uulizwe peke yake, kabla ya kikao, ikiwezekana nyumbani kwake, na baada ya salamu na mazungumzo ya kutosha. Likirushwa mapema huonekana dharau, hasa kwa mwanamume mtu mzima anayeona anaulizwa kama ana mkubwa wake. Mwenye kuuliza akiwa kijana, aanze na shikamoo, aulize habari za shamba na za wagonjwa, kisha alifikishe swali kwa njia ya kuomba kuelekezwa: "Mzee, nifundishe, jambo hili likiisha ni nani mwingine anayepaswa kupelekewa taarifa?"

Zoezi lake linafanyika mkekani. Mshiriki mmoja anasimulia mgogoro wa kweli, wa kijiji cha mbali na bila majina. Kila mtu anayetajwa anawekewa korosho moja yenye ganda. Msimulizi akimaliza, kundi linaisogeza katikati kila korosho ya mtu anayeweza kuyavunja makubaliano, na kuziacha pembeni za wenye habari tu. Simulizi huanza na korosho mbili. Kufikia mwisho zimejaa mkono, mojawapo ikiwa ya kaka mkubwa aliyeko Dar es Salaam ambaye msimulizi alikuwa amemtaja kwa kupita tu. Waache wabishane juu ya kila korosho, usiwasaidie, na usiogope zoezi hili likila asubuhi nzima.

Sasa tahadhari, ambazo ni nyingi. Kumwita mjomba hakumaanishi kumkabidhi kikao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha desturi yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki yake ya kumiliki au kutumia ardhi, na mjumbe anayeacha mjomba amsemee mjane ameivunja sheria hiyo kwa adabu. Utaratibu wangu ni kwamba mjane anasema kwanza, kwa kinywa chake, na mjomba anaketi nyuma yake, si kando yake, akisubiri kuulizwa jambo moja: kama atayaheshimu yatakayokubaliwa. Wapo wawezeshaji wanaoona kuwa kumwita mjomba ni kurudisha mfumo wa zamani na hivyo humwacha nje kabisa. Siafikiani nao, kwa sababu mwenye uwezo wa kuvunja jambo akiachwa nje hulivunjia nje.

Aliye mbali asikubalishwe kwa simu iliyowekwa spika. Mtu akisikia sauti za watu kumi upande wa pili husema "sawa, sawa" ili akate simu. Mwombe barua ya ridhaa iliyotiwa saini au dole gumba mbele ya mtendaji wa mtaa au kijiji alipo, na isipopatikana, ahirisha. Mimi ni mtu wa kuahirisha: kikao kilichocheleweshwa kinaudhi, lakini kilichovunjika huacha kila upande ukiamini kuwa umedanganywa.

Kwa migogoro ya wakulima na wafugaji, iliyoongezeka Lindi tangu wafugaji walioondolewa Ihefu na Usangu waelekezwe huku miaka ya 2006 na 2007, kosa la kawaida ni kumketisha aliyekutwa na ng'ombe shambani. Huyo mara nyingi ni kijana wa kulipwa kwa mwezi, na atakubali fidia yoyote ili aachiwe aondoke. Mwenye ng'ombe ndiye wa kuketi, na ikiwa mifugo ni ya watu kadhaa waliochanganya mifugo yao, wote waitwe, la sivyo kila mmoja atasema walioingia kwenye ufuta walikuwa ng'ombe wa mwenzake.

Kazini sura ni nyingine, tatizo ni lilelile. Mwajiri humtuma ofisa utumishi aliyevaa vizuri na asiye na ruhusa ya kukubali hata malipo ya notisi. Anasikiliza, anaandika, anatikisa kichwa, kisha anasema atawasiliana na makao makuu. Wafundishe viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi kudai mapema, kwa barua, kwamba anayekuja awe na mamlaka ya kukubali na ataje mipaka ya mamlaka hayo. Kwa upande wa wafanyakazi vilevile: kiongozi wa tawi asikubali kwa niaba ya vibarua ambao hakuketi nao. Katika chama cha msingi cha ushirika, mwenyekiti hawezi kuahidi fedha peke yake, kwa hiyo mkulima anayelalamikia uzito wa korosho zake apewe kwanza jibu la ni kikao gani cha chama kinachoweza kuidhinisha malipo, na lini kitaketi.

Hatua ya 4: Igizo

Vitini vilivyotafsiriwa vyenye mifano ya viwanda vya ng'ambo vitupe. Tunga igizo la mpaka wa mikorosho, na lingine la kibarua wa ghalani aliyekatwa mshahara kwa gunia lililopotea. Mpe anayeigiza upande wa mwajiri kikaratasi cha siri kinachosema, "Huna ruhusa kuzidi mshahara wa mwezi mmoja," kisha utazame ni lini wasuluhishi watagundua. Wasipogundua hadi mwisho, rudini hatua ya 3.

Kila msuluhishi atakaposema "hapa kosa ni lako", gonganisha viganja vyako, igizo lisimame, na sentensi hiyo aigeuze kuwa swali. Wazee waliozoea kukata shauri watachoka na makofi yako. Endelea tu.

Hatua ya 5: Faragha

Fundisha kuzungumza na kila upande peke yake pale mambo yanapokwama. Kibaraza cha nyumba hakifai, maana majirani hawalali. Ninapendelea chini ya mwembe unaoonekana na watu wote lakini uko mbali na masikio yao, wakiwepo wasuluhishi wawili, mmoja mwanamke. Kanuni ni kwamba kilichosemwa faragha hakivuki kwenda upande wa pili bila ruhusa ya mwenyewe. Kwenye Tume pia yanayosemwa katika usuluhishi ni ya siri, hivyo wafanyakazi wasirekodi kwa simu.

Utani una nafasi yake hapa. Mtani wa ukoo anaweza kumwambia mzee kwamba ubishi wake umezidi, na mzee akacheka, jambo ambalo mwanawe mwenyewe angelisema lingekuwa ugomvi mpya. Mwalike iwapo pande zote zimekubali. Kazini usiutumie kabisa: utani wa msimamizi kwa kibarua aliye chini yake ni tusi ambalo kibarua hana nafasi ya kulijibu.

Hatua ya 6: Kuandika makubaliano

Andikeni kwenye kaunta buku, kwa Kiswahili cha kawaida, ahadi moja kwa kila mstari: nani, atafanya nini, lini. Maneno kama "wataishi kwa amani" yafutwe, kwa kuwa hakuna anayeweza kusema yametimizwa au hayakutimizwa. Mpaka utembewe kwa miguu kabla ya kuandikwa, mikorosho ihesabiwe kwa sauti mbele ya pande zote, na iandikwe miti ya upande gani ni ya nani. Mara nyingi ugomvi ni juu ya nani avune, na swali la ardhi linaweza kubaki lilivyo.

Kuhusu fedha, usiandike "baada ya mnada". Minada ni mingi, na malipo huingia benki baadaye, siku ambayo mkulima haipangi. Andika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na tarehe ya kalenda iliyo mbali kiasi cha kutosha. Soma yote kwa sauti mara mbili, ya pili asome mtu wa upande unaoonekana kutoa zaidi, kisha saini au dole gumba za pande zote, na za wale waliopatikana katika hatua ya 3. Nakala moja kwa kila upande na moja kwa baraza.

Hatua ya 7: Kurudi

Rudi msimu ukiisha, malipo yakiwa yameshaingia. Chukueni kaunta buku la baraza, msome ahadi mojamoja na kuandika pembeni iliyotimizwa na isiyotimizwa, na kwa isiyotimizwa jina la aliyeizuia. Jina hilo likiwa la mtu ambaye hakuitwa, mjumbe aliyeshughulikia shauri hilo aende nyumbani kwake kabla ya kikao kingine chochote kupangwa.