Unaanzisha diskasheni ya madogo wa injinia? Anza na walichofanya Walatino wa Marekani

Hii naandika kwa wanaosoma injinia hapa Dar, mwaka wa tatu kuendelea, ma-CR (viongozi wa darasa), na malekchara vijana, yaani yeyote anayeona madogo wa mwaka wa kwanza wanapukutika kila matokeo yakitoka, huyu masapu matatu (mitihani ya kurudia), yule kadisko (kaondolewa chuo kwa kufeli), na roho inamuuma. Mimi huu mwaka wa nne naendesha diskasheni ya madogo na vitu vingi ninavyofanya nimevitoa kwa Walatino, wale Wamarekani wenye asili ya Mexico, Puerto Rico, Guatemala na huko kote, siku hizi wengine wanaandika Latinx ili neno lisibague mwanamke na mwanaume.

Kwanini wao? Sababu wakisimulia maisha yao ya chuo utadhani wanamuongelea dogo wa Gongo la Mboto. Sensa ya 2020 iliwahesabu kama milioni 62, karibu mtu mmoja kwenye kila Wamarekani watano, ila kwenye uhandisi sehemu yao ni ndogo kuliko hiyo, na wengi ni wa kwanza kwao kufika chuo, nyumbani Kihispania darasani Kiingereza, jioni kibarua.

Sasa tuingie kazini. Kundi lako usiliite la waliofeli, tafadhali sana. Miaka ya 70 pale Berkeley, Chuo Kikuu cha California, mwalimu wa hesabu Uri Treisman alitaka kujua kwanini wanafunzi weusi wanaanguka kalkulasi wakati wenye asili ya Kichina wanapeta, watu wakawa wanasema labda familia hazijali, labda msingi mbovu, yeye akaenda kuwafuatilia mpaka wanakoishi akakuta weusi wanajifungia kila mtu na daftari lake, Wachina wanasoma alafu wanakutana, wanakaguana kazi, wanabishana. Dawa yake haikuwa kurudia masomo, ilikuwa vikundi vyenye maswali magumu kuliko ya darasani! Baadae mtindo huo ukafika Chuo Kikuu cha Texas pale Austin na Walatino wakawa ndani yake.

Kwa hiyo chukua watu watano mpaka saba, siku mbili kwa wiki, siku zilezile sehemu ileile. Maswali matatu yanatosha, ila yawe ya kuumiza kichwa. Kila mtu ahangaike mwenyewe kwanza kama dakika ishirini ndo mfungue mjadala, na anayeenda ubaoni awe yule aliyekwama, sio yule mkali wa kundi, maana mkali akishika chaki wengine wanageuka kuwa wanakopi tu. Msichana usimuweke peke yake kati ya wavulana sita, weka wawili au zaidi, la sivyo wiki ya tatu humuoni na utasema hakuwa siriasi.

Lugha nayo. Hapa ndo tunapoteza watu wengi na hatusemi. Mtoto kasoma Kiswahili miaka saba, sekondari akarushiwa Kiingereza, chuo anaulizwa swali anajua jibu ila anahofia sentensi, ananyamaza, lekchara anaandika kichwani huyu mzito. José Hernández, mtoto wa wahamiaji kutoka Mexico waliokuwa wakivuna mashambani California, Kiingereza kilimkaa sawa akiwa na miaka 12, akasoma injinia ya umeme na mwaka 2009 akaenda angani na NASA, tena baada ya kuomba na kukataliwa mara 11. Kwenye diskasheni wabishane kwa Kiswahili mpaka waelewe, wakishaelewa ndo waandike jibu kwa Kiingereza kama litakavyotakiwa kwenye mtihani, na msome kwa sauti. Usiruke hiyo hatua ya pili, pepa haimhurumii mtu.

Alafu uliza kwao wanafanya nini. Sio kwa umbea. Kule Tucson, Arizona, mtafiti Luis Moll na wenzake walienda majumbani kwa familia za Kimexico, wakaandika mwaka 1992 kwamba nyumba zile ambazo shule ilizihesabu hazina kitu zimejaa ujuzi wa ujenzi, kilimo, ufundi magari, biashara. Mimi niliwahi kuwa na dogo kwenye kundi haongei kabisa, nikasikia baba yake anaezeka mapaa huko Mbagala. Tulikuwa kwenye momenti ya inesha, ile hesabu ya umbo la boriti linavyozuia kupinda, wote wamekariri fomula, nikamuuliza kwanini fundi anaisimamisha mbao ya 2 kwa 4 kwa ubavu, asiilaze? Akasimama akaeleza dakika kumi, ikilazwa inabonyea, bati linashuka, maji yanatuama. Tukapiga hesabu, mbao ileile ikisimamishwa inakuwa ngumu kupinda mara 4. Toka siku hiyo wenzake wanamfuata yeye. Kwa hiyo mwenye mjomba anachomelea Gerezani au kaka fundi simu Kariakoo, huyo ana somo, mpe nafasi afundishe.

Hela na muda msivipuuze. Diskasheni ya saa tatu usiku inamfukuza anayepanda magari mawili kurudi kwao, weka mchana kati ya vipindi. Boom, yaani hela ya mkopo, likichelewa changeni fotokopi moja mzungushe, na asiulizwe mtu mbele za watu kwanini hajachangia.

Kitu cha mwisho ni wakubwa. Mwaka 1974 mainjinia Walatino waliokuwa wameajiriwa na jiji la Los Angeles walianzisha chama, SHPE (Society of Hispanic Professional Engineers), kiwe cha kuwashika mkono vijana wao, na leo kina matawi vyuo kibao. Nyie hamhitaji kusajili chochote, kila muhula mwiteni injinia mmoja aliyepita shule ya kata, aje asimulie alivyopata nafasi ya PT yake (mafunzo kwa vitendo) bila kujuana na mtu, na kabla hajaondoka muombeni aangalie barua za maombi za madogo moja moja.