Namna ya kuisoma kaldera ya Menengai kwa miguu

Anzia ukingoni, usianzie chini. Ukisimama juu ya mji wa Nakuru, Kenya, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,278, unaliona shimo zima: urefu wa kilomita 12 hivi na upana wa kilomita 8. Wengi huliita kasoko. Kasoko ni mdomo unaotapika lava na majivu; kaldera ni paa lililoporomoka baada ya magma nyingi, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, kutoka kwa haraka na kuacha chumba chake bila kitu cha kukishikilia. Ukilikosea hili utapoteza siku nzima ukitafuta mdomo mmoja katikati. Haupo. Baada ya poromoko, lava ilitokea sehemu nyingi sakafuni, na mikondo zaidi ya 70 imehesabiwa.

Beba maji lita 3 kwa kila mtu, viatu vyenye soli ngumu, glovu nene, lenzi ya kukuza mara 10, futi ya utepe, dira, na kipimajoto kinachofika nyuzi 150 za Selsiasi. Chukua mwenyeji anayezijua njia, na muanze kuteremka asubuhi na mapema, kwa sababu lava nyeusi hushika joto vibaya sana.

Kabla ya kuteremka, soma majivu kwenye miteremko ya nje, pale barabara ilipokata udongo. Kwangua ukuta safi wenye upana wa sentimita 30, pima kila tabaka, kisha chukua mawe mepesi 5 makubwa kuliko yote katika tabaka hilo na uandike wastani wa vipimo vyake. Tabaka lililonyesha kutoka angani huvika vilima na mabonde kwa unene unaokaribiana, kama blanketi. Lililotiririka ardhini likiwa moto hujaa mabondeni na kuwa jembamba vilimani, na mawe yake makubwa kwa madogo yamechanganyika. Hapa ndipo wengi hukosea: majivu yaliyotiririka yakiwa na joto kali hushikana hadi yakafanana kabisa na lava. Weka lenzi. Ukiona vipande vyeusi vya kioo vilivyobanwa vikawa bapa kama mbegu za maboga, vyote vimelala upande mmoja, hiyo si lava.

Sakafuni, mwamba mkuu ni trakaiti, aina ya mwamba wa lava iliyopoa: kijivu au kijani kibichi ndani, ngozi ya kioo cheusi juu. Kioo hicho hukata ngozi kama wembe, kwa hiyo vaa glovu kabla hujashika chochote. Kupanga umri wa mikondo, fuata mpaka wake hadi uone upi umeupanda mwingine. Ulio juu ni mdogo kwa umri. Vichaka vya leleshwa husaidia kidogo tu. Mkondo mtupu kwa kawaida ni mpya zaidi, lakini moto wa nyika na uchache wa majivu ya kuoteshea mimea huweza kukudanganya. Ukikutana na ukuta wa mawe wa ghafla, usiuite ufa wa ardhi papo hapo. Tembea ukiufuata chini yake: kichwa cha mkondo wa lava hupinda kama ulimi, ilhali ufa huenda umenyooka na kuikata mikondo kadhaa.

Kwenye matundu ya mvuke, simama upande upepo unakotoka. Usiingie mashimoni wala usiiname kwenye mabonde madogo, kwani kaboni dioksidi ni nzito na hutuama humo bila harufu. Harufu ya yai bovu, ya gesi nyingine yenye sumu iitwayo hidrojeni salfidi, ikikoma ghafla, ondoka: huenda gesi hiyo imezidi na pua yako imeacha kuisikia. Kwa mwinuko wa sakafu maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 hivi, hivyo mvuke wa joto hilo hauna ajabu. Ukizidi hapo kwa mbali, rudia kipimo, kisha uandike.

Hakuna mlipuko wa Menengai ulioandikwa katika historia, lakini volkano hii haijafa. Uchimbaji wa visima vya mvuke ulianza 2011, na baadhi ya keekee zilikuta magma kwenye kina cha kilomita 2 hivi. Setilaiti nazo zilionyesha ardhi ikishuka sentimita chache kati ya 1997 na 2000, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Unachoweza kukiona ni mimea iliyokauka pamoja, nyufa mpya zenye joto, au mvuke pasipokuwa nao awali. Andika tarehe, mahali, na umbali kutoka kisima kilicho karibu, kwa kuwa kisima chenyewe huweza kuhamisha mvuke bila volkano kubadilika.