Kabla ya kusema wageni wamejaza zahanati, piga hesabu hii

Kazi yangu ni bajeti za halmashauri, na hakuna kikao kinachopita bila mtu kusimama na kusema wafanyakazi wageni wametujazia zahanati. Mara nyingi foleni anayoisema ipo kweli. Hesabu ya kueleza imetoka wapi ndiyo inayokosewa.

Anza na mifuko, si na watu. Kibarua mgeni akilipwa mshahara, kodi ya mapato na makato ya hifadhi ya jamii kwa kawaida huenda serikali kuu. Mtoto wake anakaa kwenye darasa lenu. Kwa hiyo taifa linaweza kufaidika na mtaa wenu ukaelemewa, kwa mtu yuleyule, mwezi uleule. Ripoti ya Akademia za Taifa za Marekani ya mwaka 2016 ilionyesha jambo hilo: kizazi cha kwanza cha wahamiaji kiligharimu zaidi serikali za majimbo na za mitaa, hasa kwa kusomesha watoto, lakini watoto hao walipokua wakawa miongoni mwa wachangiaji wakubwa wa kodi. Chora safu mbili, hazina kuu na halmashauri, kila kiasi kiingie mahali pake.

Halafu angalia takwimu mnazotumia ni za lini. Hapa ndipo ninapokazania zaidi. Mgao wa fedha hufuata idadi ya watu, na sensa katika nchi nyingi ni kila baada ya miaka 10, ilhali kiwanda kikifunguliwa, wafanyakazi hufika ndani ya wiki chache. Mwaka 2004 Uingereza ilipowafungulia soko la ajira raia wa nchi mpya za Umoja wa Ulaya, makadirio yalisema wangeongezeka watu 5,000 hadi 13,000 kwa mwaka. Waliokuja walizidi idadi hiyo mara nyingi, na halmashauri kama ya Slough zikalalamika kwamba zinahudumia watu wasiohesabiwa kwenye mgao. Mwaka 2009 serikali ikaanzisha mfuko wa kusaidia maeneo hayo, kutokana na ada ya viza waliyotozwa wahamiaji kutoka nje ya Ulaya. Mwaka 2010 ukafutwa, na mimi naona ilikuwa dhuluma kwa pande zote mbili, wenyeji na wageni.

Msisubiri sensa, basi. Ombeni shuleni idadi ya wanafunzi walioandikishwa katikati ya muhula. Daftari hilo huonyesha mabadiliko mapema sana. Zahanati iwape idadi ya wagonjwa wapya waliojisajili na wangapi walihitaji mkalimani, kwa sababu mgonjwa anayehudumiwa kupitia mkalimani huchukua muda mrefu zaidi kwa daktari. Mkiwa hapohapo, tazameni orodha ya zamu. Wauguzi na wasafishaji wangapi ni wahamiaji? Nao waingie kwenye hesabu, upande wa wanaotoa huduma.

Kwenye mishahara, kuweni waangalifu. Mwaka 1980 Wakuba wapatao 125,000 waliingia Marekani wakitokea bandari ya Mariel nchini Kuba, na nguvu kazi ya Miami ikapanda kwa takriban asilimia 7. Mchumi David Card hakuona ujira wa wenyeji ukishuka. Mchumi mwenzake George Borjas alipowatazama wasiomaliza sekondari peke yao, akasema ulishuka sana. Kwa hiyo msiulize wastani, ulizeni ni nani hasa anayegombea kazi ileile. Mara nyingi ni mhamiaji aliyetangulia. Na msidhani mgeni akiondoka nafasi yake humngoja mwenyeji: Marekani ilipofuta mpango wa vibarua kutoka Mexico, ulioitwa Bracero, mwaka 1964, wakulima wa nyanya California waliingiza mashine za kuvunia.

Kodi za nyumba zipimeni peke yake, kwani hapo mwenye nyumba hucheka na mpangaji hulia.

Karatasi ikikamilika, ipelekeni kabla bajeti haijafungwa. Safu ya halmashauri ikionyesha upungufu, dai liende hazina kuu likiwa na nakala ya daftari la shule na la zahanati.