Somo: Kupanda mtumbwi Ziwa Duluti, kuanzia barabarani Tengeru hadi kurudi nchi kavu

Habari zenu wana Arusha na wana Moshi. Wengi wetu tunapita Tengeru mara kwa mara, tunanunua ndizi na parachichi, tunaendelea na safari, na ziwa liko hapo kusini mwa barabara kuu, bodaboda dakika chache tu. Wanaofika nao hupiga picha ukingoni wakaondoka. Duluti la ukingoni ni nusu ya Duluti. Nusu nyingine iko majini, na ndiyo iliyonifanya niandike somo hili.

Kwanza tulijue ziwa lenyewe. Ni la kreta, yaani shimo la volkano lililojaa maji, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,290 kutoka usawa wa bahari. Huoni mto unaoingia wala unaotoka. Linalishwa na maji ya chini ya ardhi na mvua. Msitu unaolizunguka ni hifadhi iliyo chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mpanda mtumbwi anapaswa kushika mambo mawili hapo: kingo na msitu hukinga upepo mwepesi wa asubuhi, na kingo hizo hizo zinateremka kwa kasi, kwa hiyo ukianguka usitegemee kukanyaga chini.

Hatua ya 1: Saa
Uwe majini kabla ya saa tatu asubuhi. Maji yanakuwa yametulia, ndege wako kazini, na Mlima Meru upande wa kaskazini haujajifunika. Asubuhi iliyo safi kabisa utauona na Kilimanjaro upande wa mashariki. Kuanzia mchana upepo unaamka, na mtu mgeni wa kafi, yaani kasia fupi la mkononi, atatumia nguvu zake zote kupambana nao badala ya kufurahia. Januari na Februari anga huwa nzuri. Juni hadi Agosti mawingu hung'ang'ania mlima asubuhi nzima, ila ziwa linabaki zuri. Masika njia za msituni zinateleza, vaa viatu vyenye meno.

Hatua ya 2: Kufika na kulipa
Kutoka Arusha panda daladala ya Tengeru au Usa River. Kutoka Moshi panda gari la Arusha, ukishapita Usa River mwambie konda akushushe Tengeru. Beba kitambulisho, kwa sababu bei ya raia na ya mgeni si moja. Uliza mapema kiingilio ni kiasi gani na mtumbwi na mwongozaji ni kiasi gani, maana ni malipo tofauti, na dai risiti. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Tengeru, foleni barabarani huwa kubwa, toka nyumbani mapema zaidi.

Hatua ya 3: Kagua kabla hujakaa
Hapa naomba tusiharakishe. Mtumbwi unaweza kuwa wa gogo lililochongwa, wa mbao, au wa fibaglasi. Wowote utakaopewa, tazama sakafuni: kama kuna maji, uliza ni ya mvua au unavuja. Pitisha mkono kwenye viraka na kwenye ufa. Mti unaokaa juani muda mrefu hupasuka kwa urefu wake, na ufa mwembamba kama uzi unatosha kukulowesha hadi kiunoni ukiwa katikati ya ziwa. Hakikisha kuna kopo la kukombea maji na kafi ya akiba.

Kisha jaketi la kuokolea. Lifunge vifungo vyote, halafu mwambie mwenzako alivute juu mabegani. Likipanda hadi masikioni ni kubwa kwako, omba jingine. Kama hakuna jaketi la kukutosha, usiingie. Hata kama unaogelea vizuri. Hata kama mwongozaji anakuambia maji yametulia.

Hatua ya 4: Kuingia
Watu wengi hupinduka wakiingia au wakitoka, wala si katikati ya ziwa. Mwenzako ashike mtumbwi kwa mikono miwili. Wewe inama, shika kingo zote mbili, weka mguu mmoja katikati kabisa ya sakafu, hamishia uzito hapo taratibu, ndipo ulete wa pili na ukae papo hapo. Usisimame kutafuta nafasi nzuri. Mzito akae nyuma, mwepesi mbele, mizigo katikati sakafuni. Mkishakaa wote, tazama ukingo: ukiwa chini ya kiganja kimoja kutoka kwenye maji, mmezidi, mmoja ashuke.

Ndani ya mtumbwi, makalio yakae chini na magoti yaguse pembeni. Mtumbwi ukiyumba, kiuno kiyumbe nao, kichwa kibaki katikati. Anayejikaza ndiye anayeupindua.

Hatua ya 5: Kupiga kafi
Mkono mmoja juu kabisa ya mpini, mwingine chini karibu na bapa. Nyosha mbele, zamisha bapa lote, vuta karibu na ubavu wa mtumbwi, toa kafi ikifika usawa wa nyonga. Ukiivuta zaidi ya hapo unainua maji tu. Nguvu itoke mgongoni na kiunoni. Mikono peke yake itachoka kabla hamjafika popote. Wa mbele anaweka mwendo, wa nyuma anashika njia, kila mmoja upande wake. Mtumbwi ukikataa kunyooka, wa nyuma amalizie pigo kwa kusukuma bapa nje kidogo. Kusimama, piga kinyume, pande zote mbili kwa pamoja.

Mara za kwanza maji yatatiririka kwenye mpini hadi mapajani. Ni kawaida, punguza tu kunyanyua kafi juu.

Hatua ya 6: Njia
Anzeni kwa kuelekea upepo unakotoka, ili wakati wa kurudi, mkiwa mmechoka, uwasukume. Fuateni ukingo, msikate katikati. Uzuri uko ukingoni: mafunjo, matawi yaliyolala juu ya maji, kenge wakiota jua, minandi wakikausha mabawa, kima wakiruka msituni. Mkimwona mdiria mweusi-na-mweupe amesimama hewani mahali pamoja, mabawa yakipiga, mdomo umeelekea chini, wekeni kafi magotini na msiseme neno. Atajitupa majini kichwa mbele, na akitoka na samaki atampeleka kwenye tawi, ampigize mara kadhaa, ndipo ammeze. Kwa hili peke yake ningewashauri mwende.

Nyavu za wavuvi zipisheni mbali. Hapo ni jikoni kwa mtu.

Hatua ya 7: Mkipinduka
Shikeni mtumbwi, msiuache. Wa mti huelea hata ukijaa maji. Itaneni majina, hakikisheni wote mpo, pungeni mkono na kupiga kelele, kisha pigeni miguu kuusukuma kuelekea ukingo ulio karibu. Ukingo huonekana karibu kuliko ulivyo, na ni hatari kuuacha mtumbwi na kuogelea.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali kutoka Sakina: Shikamoo mwalimu. Mimi sijui kuogelea kabisa. Niende au niache?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nenda, ila na mwongozaji akae nyuma, jaketi lifungwe kama nilivyoeleza, na mwambie wazi kabla hamjaondoka kwamba hujui kuogelea. Usione aibu. Yeye atachagua njia ya ukingoni.

Swali kutoka Majengo, Moshi: Kaka, nina watoto wa miaka minne na saba. Wanaruhusiwa?

Jibu: Dada yangu, uliza kwanza kama wana majaketi ya watoto. La mtu mzima lililokazwa kwa kamba halifai, mtoto huchomoka chini. Wa saba akipata la saizi yake, sawa. Wa minne mimi ningemtembeza kwenye njia ya msituni inayozunguka ziwa, mmoja wenu abaki naye.

Swali kutoka Usa River: Vipi mamba na viboko? Na kichocho?

Jibu: Duluti halijulikani kwa mamba wala viboko. Viboko wako Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, na huko mtumbwi unakwenda na askari wa hifadhi mwenye silaha. Kichocho ni jambo la kuchukulia kwa uzito kwenye ziwa lolote la maji baridi lenye majani na konokono. Usiogelee wala kutumbukiza miguu ukingoni, ukilowa jifute mara moja. Ukipata wasiwasi, kapime wiki kadhaa baadaye. Dawa yake, prazikwanteli, ipo.

Swali kutoka Himo: Sisi tuko karibu na Ziwa Chala. Somo hili linafaa huko pia?

Jibu: Kukaa, kafi na jaketi ni vile vile. Lakini Chala, kule Rombo mpakani na Kenya, si la kuanzia. Kina chake kinazidi mita 90, kuta za kreta ni wima, na mahali pa kutokea majini ni pachache. Isitoshe, baada ya kupiga kafi unapanda ule ukuta kwa miguu kurudi juu. Jifunzeni Duluti kwanza, halafu mwende Chala na mwongozaji wa pale pale, na kila mmoja abebe maji yake ya kunywa.