Kuvua Trauti wa Mto wa Mlimani kwa Nzi Bandia Majira ya Kuchipua, Hatua kwa Hatua

Theluji inapoanza kuyeyuka, mto wa mlimani hubadilika ndani ya siku moja. Asubuhi maji ni machache na maangavu, unaweza kuhesabu kokoto chini. Jioni umefura, umechafuka na unavuma. Wengi wakifika ukingoni hufungua kisanduku cha chambo na kuanza kubishana na nafsi zao kuhusu nzi bandia gani wa kufunga, yaani ndoana iliyovishwa nyuzi na manyoya ifanane na mdudu. Mimi natoa kipimajoto kwanza. Maji yasipopata joto la kumchangamsha trauti, samaki wa maji baridi, hata nzi aliyefungwa kwa ustadi wa ajabu atapita mbele ya pua yake bila kuguswa.

Nachukulia kwamba unajua kurusha mshipi walau mita 8 au 10. Huhitaji zaidi ya hapo. Na kabla hujatoka nyumbani hakikisha una kibali, msimu umefunguliwa, na unajua kama sehemu uendayo samaki lazima waachiwe. Mito mingi hufungwa sehemu ya mwaka ili trauti wazaane kwa amani.

Hatua ya 1: Andaa ufito, mshipi na uzi

Ufito wa futi 9 unaobeba mshipi namba 5 (namba hii ni ya uzito wa mshipi) utakutosha karibu kila mahali. Kijito chembamba chenye matawi pande zote kinataka ufito mfupi zaidi, wa namba 3 au 4. Chukua mshipi unaoelea. Katika uvuvi huu kinachorushwa ni uzito wa mshipi wenyewe, nzi anafuata tu nyuma, ndiyo maana namba ya ufito na ya mshipi lazima zilingane.

Mbele ya mshipi huwekwa uzi usio na rangi, urefu kama mita 2.7, unaokonda kadiri unavyokwenda. Mwishoni mwake unga kipande chembamba cha nusu mita. Kwa nzi wadogo wa juu natumia 5X, yaani unene wa milimita 0.15, kwa tunutu wazito (bandia wa wadudu wachanga wa majini) na maji yaliyochafuka, 4X, milimita 0.18. Kila fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, kwa sababu uzi mkavu ukisuguana hupata joto na kudhoofika. Halafu bana kijino cha ndoana kwa koleo ndogo hadi kilale. Samaki hatoki kwa sababu ya kijino kukosekana. Hutoka ukilegeza mshipi.

Hatua ya 2: Pima joto, kisha pima mwelekeo wake

Chovya kipimajoto penye mkondo na kivuli, mbali na maji ya ukingoni yaliyopigwa jua, uache dakika moja au mbili. Chini ya nyuzi 5 za Selsiasi trauti yupo na ana uhai wake, ila mwili wake umepoa sawa na maji aliyomo na chakula anachohitaji ni kidogo mno. Atakula kitakachomjia mdomoni. Kukifuata kitu hata hatua moja, hapana. Kati ya 6 na 9 anaanza kuamka. Kuanzia 10 hadi 16 anakula kwa bidii. Maji yakifika 20 kunja vifaa, kwa kuwa maji yenye joto hubeba oksijeni chache na samaki aliyechoshwa na mshipi huweza kufa hata ukimwachia, ingawa mwanzoni mwa majira haya tatizo hilo liko mbali.

Kwangu mwelekeo una uzito kuliko namba. Nyuzi 6 zinazopanda zinanipa matumaini kuliko 8 zinazoshuka. Kabla theluji haijaanza kuyeyuka kwa nguvu, saa nzuri ni za katikati ya mchana, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kuamka alfajiri ni kujitesa tu. Kuyeyuka kukishika kasi, hesabu inageuka: jua la mchana hulipiga bonde la juu, na baada ya saa kadhaa maji ya theluji yanakufikia, joto linashuka na kina kinapanda. Karibu na theluji hali hiyo hutokea alasiri; mbali zaidi chini, mto unaweza kujaa usiku. Siku kama hizo vua kuanzia asubuhi jua likishapanda, na uwe tayari kuacha mapema.

Ukifika tu, chomeka kijiti hasa pale maji yanapoishia kwenye mchanga. Kila baada ya muda kitazame. Kikianza kuzungukwa na maji, mto unapanda, hata kama kwa macho hujaona tofauti yoyote. Vijiti na majani yakianza kuelea katikati ya mkondo, ni habari ileile.

Mto wote ukiwa baridi, tafuta mahali kijito kisichotoka kwenye theluji kinapoingia. Nyuzi 2 tu za ziada huwakusanya samaki.

Hatua ya 3: Geuza mawe

Ingia kwenye maji ya kifundo, inua jiwe la ukubwa wa kiganja, ligeuze utazame upande uliokuwa chini. Utaona wapangaji wa aina tatu. Wa kwanza ni tunutu wa efemera, mwembamba, mara nyingi mwenye mikia mitatu, akikimbia kutafuta upande wenye kivuli. Wa pili ni kadisi, aliyejijengea ala ya mchanga au vijiti na kujigandisha humo. Wa tatu ni nzi-mawe, mkubwa kuliko wenzake, mwenye mikia miwili na mwendo mzito.

Wakipata mbawa utawatofautisha kwa namna wanavyozibeba. Efemera husimamisha zake wima kama tanga. Kadisi huzifunika kwa mteremko, pande mbili. Nzi-mawe huzilaza bapa mgongoni. Efemera ana ajabu yake: hakuna mdudu mwingine anayejivua ngozi tena baada ya kupata mbawa. Nzi-mawe wengi hawaibukii majini kabisa, bali hutambaa hadi nchi kavu, kwa hiyo ukikuta maganda makavu ya wadudu yameng'ang'ania mawe ya ukingoni, ujue tunutu wao wanasogea kuelekea pembeni, na trauti wanalijua hilo kabla yako.

Baada ya kutazama, rudisha jiwe kama lilivyokuwa. Kisha chagua bandia wa ukubwa uleule. Ukubwa kwanza, umbo pili, rangi mwisho. Mabishano ya wavuvi juu ya rangi mimi nimeyaachia wenyewe.

Hatua ya 4: Soma maji

Trauti anataka vitu vitatu: asichoke, chakula kimpitie, na apate pa kukimbilia. Kwenye maji baridi ya majira haya, kutochoka kunashinda vyote. Usipoteze muda mwingi kwenye maji membamba yanayokimbia juu ya mawe. Huko watarudi joto likipanda. Tafuta vilindi vyenye mwendo wa mtu anayetembea polepole, upande wa ndani wa kona, na mkia wa kidimbwi pale maji yanapotulia kabla ya kuteremka tena.

Jiwe kubwa kila mtu hulivua nyuma. Vua na mbele yake pia, kwa kuwa maji yakiligonga hurudi kidogo na kufanya kituo kidogo cha utulivu, na samaki mkubwa hupenda kulalia hapo.

Halafu kuna mshono, ule mstari ambapo maji ya kasi yanapakana na ya polepole. Samaki hukaa upande wa polepole, hutoka hatua moja kuchukua kinacholetwa na upande wa kasi, kisha hurudi. Fuata povu: linapopita povu ndipo chakula kinapopita.

Mto ukifura, ukingo unageuka kuwa nyumba. Samaki hukimbia nguvu ya katikati na kubana pembeni, wakati mwingine kwenye maji ya goti, mita moja kutoka kwenye majani. Mvuvi anayeingia moja kwa moja hadi kiunoni ili arushe mbali amewakanyaga wale aliowafuata.

Hatua ya 5: Sogea bila kuonekana, ingia bila kusombwa

Trauti hutazama mkondo unakotoka, basi mwendee kutoka chini. Mwanga unavyopinda ukiingia majini humwezesha kuona dunia ya nje kupitia duara moja tu juu yake, lenye upana wa takribani mara mbili na robo ya kina alipo. Vitu vilivyo chini sana karibu na upeo hujibana ukingoni mwa duara hilo na kuonekana kwa shida. Ukiwa mita 10 unaweza kusimama. Ukiwa mita 5, inama au piga goti. Nguo ing'aayo na kivuli kirefu kitakachomwangukia vitakuharibia siku.

Vaa mkanda uliokazwa juu ya suruali ya kuingilia majini, na shika mkongojo. Elekeza uso au ubavu kwenye mkondo, sogeza mguu mmoja baada ya mwingine kuwa imara. Usivuke asubuhi mahali ambapo alasiri, maji yakiwa yamepanda sentimita 20, hutaweza kurudi. Ukianguka, lala chali, miguu itangulie mkondo unakokwenda, jisukume pembeni. Usijaribu kusimama kwenye maji ya kasi, maana mguu ukibanwa chini ya jiwe umekwisha.

Pia epuka changarawe safi, nyeupe kuliko ya jirani yake, iliyochimbwa kama sahani. Trauti wa upinde wa mvua hutaga majira haya, na makinda ya trauti wa kahawia, waliotaga kabla ya baridi kali, huenda bado wamo ndani ya changarawe.

Hatua ya 6: Peleka tunutu chini, kweli chini

Sehemu kubwa ya siku utavua hivi. Funga tunutu mmoja mzito, mwenye shanga ya tungsteni (metali nzito), na nyuma yake sentimita 40 mwingine mdogo. Weka boya dogo kwenye uzi, umbali wa mara moja na nusu ya kina cha maji kutoka kwa tunutu wa kwanza. Rusha upande wa juu kwa mshazari, mpe nafasi ya kuzama, kisha inua ufito ili mshipi mwingi uwezekanavyo utoke majini. Ule unaobaki ukivimba kuelekea chini, urushe kuelekea mkondo unakotoka kwa kukunja kiwiko kidogo, kabla haujaanza kuburuta boya.

Sasa linganisha boya na povu lililo pembeni yake. Maji ya chini husuguana na mawe na kwenda polepole kuliko ya juu. Boya likienda sawa na povu, tunutu wako bado yuko katikati. Boya likiachwa nyuma kidogo, amefika. Ukirusha mara tano bila kugusa jiwe hata moja, ongeza chubwi ndogo, au shusha tunutu zaidi, kabla hujafikiria kubadilisha nzi.

Trauti wa maji baridi hadonoi kwa fujo. Boya husita, huinama, au huacha kuyumba. Chochote kati ya hivyo, shtua: mwinuko mfupi wa ufito, ukielekea upande wa chini wa mto, ili ndoana iingie pembeni mwa mdomo. Mara nyingi ni jiwe. Shtua tu.

Hatua ya 7: Wakianza kula juu

Siku ya mawingu na manyunyu, efemera wadogo wa rangi ya zeituni huibuka mchana kwa saa moja au mbili. Mbawa zao hazikauki haraka, hivyo hukaa muda mrefu juu ya maji. Usikimbilie kurusha. Tazama samaki mmoja. Akiacha kiputo cha hewa, amechukua mdudu wa juu, mpe nzi anayeelea, wa ndoana ndogo, namba 16 au 18. Ukiona mgongo na pezi bila pua, anakula wale wanaojitahidi kutoka kwenye ngozi zao chini kidogo ya uso wa maji. Mpe nzi anayening'inia nusu ndani.

Samaki aliye sentimita 30 chini ana duara la sentimita 68 hivi, kwa hiyo nzi akipita mkono mmoja pembeni hamuoni vizuri. Mwangushie kama mita moja mbele yake, upande mkondo unakotoka, kwenye mstari wake hasa, na nzi aje bila kuburutwa. Akifungua mdomo, ngoja afunge na kugeukia chini ndipo uinue.

Hatua ya 8: Mlete haraka, mwachie vizuri

Mbane kwa ufito ulioinamishwa pembeni, umtoe kwenye mkondo, umwingize kwenye wavu wa mpira. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, kwani ute wa ngozi yake ndio kinga yake dhidi ya maradhi. Usimbane tumbo, usitie kidole kwenye matamvua. Chomoa ndoana akiwa bado majini. Picha, kama ni lazima, iishe kabla hujafika kumi ukihesabu. Kisha mshike akitazama mkondo hadi aondoke mwenyewe. Usimsukume mbele na nyuma.

Hatua ya 9: Kausha kabla ya mto mwingine

Viatu na wavu hubeba mwani, konokono wadogo na vimelea vya magonjwa ya samaki kutoka bonde moja hadi jingine bila wewe kujua. Sugua matope, mwaga maji yote, kausha kabisa, hata mishono ya ndani. Nyayo za sufi hukawia kukauka kuliko za mpira, na baadhi ya nchi na majimbo yamezipiga marufuku kwa sababu hiyo. Kama huna muda wa kukausha, rudi mto uleule uliotoka.