Kula nje ukiwa na kisukari: hatua kwa hatua

Wengi ninaowashauri kuhusu lishe huniuliza, "Nikila nje, nisiguse nini?" Mimi huwauliza mengine mawili: utakula wanga kiasi gani, na chakula kitafika mezani saa ngapi? Ukishayajua hayo, vyakula vya kukatazwa kabisa hubaki vichache mno.

1. Kabla hujatoka

Usishinde njaa eti unaweka akiba ya mlo wa jioni. Mwenye njaa hapimi kiasi anachokula. Tena kama unatumia insulini, au vidonge vya aina ya glibenklamaidi na gliklazaidi, sukari inaweza kushuka ukiwa bado njiani. Mlo ukichelewa kuliko kawaida yako, kula kidogo saa ileile uliyoizoea, kisha punguza wanga utakapofika.

Pima sukari, halafu beba mashine, dawa, na sukari ya dharura: vidonge vya glukosi au pakiti ndogo ya juisi. Viwe mfukoni au kwenye mkoba ulio nao mwilini. Vikibaki kwenye gari havitakusaidia, na insulini huharibiwa na joto.

2. Wakati wa kuagiza

Muulize mhudumu chakula kimepikwaje. Cha kuchoma, kuoka au kuchemsha kina mafuta kidogo kuliko cha kukaanga. Sosi iletwe pembeni, kwa sababu nyingi zimetiwa sukari au zimefanywa nzito kwa unga, na ukishamwagiwa huwezi kuzitenga. Omba pia nusu ya wali au chipsi ibadilishwe kwa mboga. Wahudumu wamezoea maombi kama haya, na huna haja ya kueleza ugonjwa wako.

3. Igawe sahani kabla ya tonge la kwanza

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Sahani yenye upana wa sentimita 23 hivi igawe hivi: nusu mboga zisizo na wanga, robo nyama, samaki, kuku au mayai, na robo iliyobaki wanga. Viazi, mahindi na njegere havihesabiwi kama mboga. Viweke upande wa wanga hata kama vimeandikwa kwenye orodha ya mboga.

Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina takriban gramu 45 za wanga, sawa na slesi tatu za mkate. Ukiletewa kilima cha vikombe viwili, umeletewa slesi sita. Chukua kijiko, tenga kiasi chako, na kilichozidi kiondoke mbele yako: kifungiwe uende nacho au umpe mwenzako. Ukisema "nitaacha nikishiba", utaacha sahani tupu.

Penye chakula cha kujipakulia, zunguka kwanza mikono mitupu uone kilichopo. Kisha anza kula mboga na nyama, wanga uje mwisho. Mpangilio huo hupunguza kasi ya sukari kupanda baada ya mlo.

4. Dawa ifuate chakula

Insulini ya kawaida (iitwayo "regular"), au ya mchanganyiko yenye ya kawaida ndani yake, huchomwa takriban dakika 30 kabla ya kula. Ile ya kasi ni dakika 15 hivi. Nyumbani sufuria unaiona. Kwenye sherehe utaambiwa "chakula kiko tayari" na hotuba tatu bado zinakuja! Subiri ukione kwa macho. Muulize daktari wako mapema kama unaweza kujichoma insulini sahani ikiwa mbele yako. Usiongeze dozi kwa kukisia. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, ila imeze na chakula ili tumbo lisisumbuke.

5. Vinywaji

Maji, au chai isiyo na sukari. Kopo la soda la mililita 330 lina karibu gramu 35 za sukari, na juisi "halisi" haiko mbali sana. Pombe hulizuia ini kutoa sukari, hivyo sukari yako inaweza kushuka saa nyingi baadaye, hata usingizini. Usiinywe bila chakula.

6. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho au moyo kwenda mbio

Pima. Ikiwa chini ya 70 mg/dL (3.9 mmol/L), chukua gramu 15 za sukari ya haraka, mfano nusu glasi ya juisi, subiri dakika 15, upime tena. Bado iko chini? Rudia. Keki na chokoleti hazifai hapa, mafuta yake huichelewesha sukari. Mtu mmoja mezani awe anajua hali yako, na ajue kwamba ukipoteza fahamu hutiwi kitu mdomoni: aite msaada wa dharura.

7. Saa mbili baada ya tonge la kwanza

Pima. Kwa watu wazima wengi wasio wajawazito lengo ni chini ya 180 mg/dL (10 mmol/L), isipokuwa daktari amekupa lengo jingine. Kama mlo ulikuwa na mafuta mengi, pima tena kabla ya kulala, maana sukari yake hukawia kupanda. Andika namba na ulichokula, pamoja na kiasi chake. Ukiagiza chakula hichohicho tena, utajua ni vijiko vingapi vya wali vya kupunguza.