Filamu ikionekana kama tamthilia, shika rimoti

Kibanda umiza changu, ukumbi mdogo wa kuonyesha sinema na mpira, kipo Majengo, Dodoma. Siku nilipofunga runinga mpya ya inchi 55, mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, mbona leo sinema imekuwa kama tamthilia?" Alikuwa sahihi kabisa.

Filamu nyingi hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Runinga hubuni picha za katikati na kuzichomeka, mwendo unateleza mno, kama wa tamthilia. Tazama mkono ukipita mbele ya uso: kingo zake zinacheza kama maji.

Ingia mipangilio, kisha picha. Kitu kinachochomeka picha hizo, kwenye LG kinaitwa TruMotion, Sony ni Motionflow. Zima. Ukiona Filmmaker Mode, yaani mpangilio wa picha wa sinema, chagua hiyo, inazima yenyewe. Kamera ikizunguka ukaona picha inasitasita sana, rudisha hatua moja tu, usizidishe.

Mpira ni habari nyingine. Pale nawasha, jicho linaufuata vizuri. Wapo pia waliopiga filamu kwa kasi kubwa makusudi, kama mwongozaji Peter Jackson na The Hobbit ya 2012, picha 48 kwa sekunde. Zile ni picha halisi za kamera, nami naziheshimu, ila usiku wa sinema nabaki na 24.